Bwawa la Itare: mradi mkubwa uliokosa mwenye kazi

Kwenye karatasi, Itare ulikuwa mradi mzuri. Mto Itare ungezibwa huko Ndoinet, Kuresoi, kwenye msitu wa Mau Kusini Magharibi, kwa ukuta wa takriban mita 57 kwenda juu. Handaki la kilomita 14 hivi lingepenya chini ya mlima, na maji yangeteremka kwa mabomba kupitia Molo, Njoro na Rongai mpaka Nakuru mjini. Yangefika zaidi ya lita milioni 100 kwa siku, kwa watu wapatao 800,000. Gharama ilipita shilingi bilioni 30, sehemu kubwa ikiwa mkopo kutoka Italia. Mkandarasi naye alitoka huko huko: CMC di Ravenna, kampuni ya ushirika iliyoasisiwa 1901. Rais Uhuru Kenyatta alizindua kazi 2017. Mwaka uliofuata kazi ilisimama, na Desemba 2018 CMC ikaenda mahakamani kwao kuomba kinga dhidi ya wadai.

Hakuna mfereji hata mmoja wa Nakuru uliopata tone kutoka Itare.

Kisa hiki husimuliwa kwa njia mbili. Wengine hukiweka kwenye fungu moja na Arror na Kimwarer, yale mabwawa ya Elgeyo Marakwet yaliyofikisha vigogo mahakamani, kisha wakaishia hapo: ni wizi tu. Wengine hulaumu bahati mbaya, kwamba kampuni ilifilisika na nani angejua. Simulizi zote mbili zinaacha pembeni swali ambalo kwangu ndilo zito: upande wa Kenya, mwenye kazi alikuwa nani? Mkandarasi kuanguka ni jambo linalotokea hata kwa mataifa tajiri. Januari 2018, mwaka ule ule, Carillion ilianguka Uingereza na kuacha hospitali mbili kubwa zikiwa hazijakamilika, moja Liverpool na nyingine karibu na Birmingham. Serikali ya huko iliumia, ikalipa zaidi, ikachelewa miaka. Lakini ya Liverpool ilifungua milango 2022 na ile nyingine 2024, kwa kuwa kulikuwa na taasisi za umma zilizokuwa zikiishi na tatizo hilo kila siku: madaktari waliohitaji vitanda, wahandisi waliojua nguzo ipi ina ufa, wanasheria waliojua mkataba unaisha vipi. Itare ulikosa watu wa namna hiyo, na ulianza kuwakosa kabla CMC haijayumba.

Maji yanayotoka upande mwingine wa mlima

Asiyeijua Nakuru huenda akashangaa kwa nini mji uliozungukwa na mashamba ya kijani unatafuta maji umbali wote huo. Nakuru imekaa ndani ya bakuli. Ziwa lake halina mto unaotoka, na mito inayoingia, kama Njoro, Makalia na Nderit, ni midogo na msimu wa kiangazi hukatika. Mji umeishi kwa visima virefu na kwa maji yanayoletwa kutoka bonde la Malewa upande wa Gilgil. Visima vina shida yake. Volkano za Bonde la Ufa zimeacha floridi ardhini, na visima vingi vya eneo hili hupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Watoto wanakua na meno ya kahawia, na kwa wanaokunywa maji makali zaidi kwa miaka mingi, hata mifupa huharibika. Jimbo Katoliki la Nakuru lilianza miaka ya 1990 kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kazi ya maana sana, ila ni ya vituo na kaya, haiwezi kubeba jiji. Na Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, ndani ya kaunti iliyohesabiwa watu zaidi ya milioni 2.1 katika sensa ya 2019.

Kwa hiyo hoja ya Itare ilikuwa na mashiko. Maji ya juu ya ardhi, kutoka msituni, yasiyo na floridi ya visima. Wanaosema bwawa lenyewe lilikuwa upuuzi hawajawahi kununua maji ya mkokoteni kwa mtungi.

Ila mto Itare hautiririki kuelekea Nakuru. Uko upande wa pili wa mgongo wa Mau, na unashuka magharibi kujiunga na mto Sondu, unaopita nchi ya Kericho na Nyakach hadi Ziwa Victoria. Ndiyo sababu ya lile handaki refu. Kuyapeleka maji yake Nakuru ni kuyatoa kwenye bonde moja na kuyamwaga kwenye jingine, na yakishatumika hayarudi. Uamuzi wa aina hiyo una wenyewe wawili, wa juu na wa chini. Viongozi na wakazi wa Kericho na wa Nyanza walipiga kelele mapema, na hawakuwa wakitia siasa mahali pasipokuwa na siasa. Walikuwa wanauliza kiangazi kitabakiza nini mtoni. Jibu la swali hilo ni vipimo vya mto vya miaka mingi, kiwango cha chini cha maji yatakayoachwa yapite, na mtu anayewajibika kukilinda. Vitu hivyo vinapaswa kuwa mezani kabla ya kutia saini. Vikija baada ya saini, vinageuka kuwa utetezi.

Fundi aliyekuja na pesa zake

Yeyote aliyejenga nyumba ya vyumba vitatu kule Bahati anajua tofauti kati ya fundi na mwenye kazi. Mwenye kazi ndiye anayejua bei ya simenti kabla fundi hajaitaja, ana mtu wake anayehesabu mifuko, na halipi ghorofa ambayo hajaiona. Katika mradi wa mabilioni, mwenye kazi anatakiwa kuwa ofisi ya umma yenye makadirio yake huru ya gharama, wapimaji wake, na wasimamizi wa mkataba waliokwisha kuona ujanja wa kila aina.

Mikopo inayofungamana na mkandarasi wa nchi inayokopesha hudhoofisha nafasi hiyo kimyakimya. Nchi inayokopesha inataka kuuza kazi za kampuni zake, na benki zinatoa pesa kwa sababu taasisi ya serikali ya huko imeuwekea mkopo bima. Kwa kanuni za OECD, jumuiya ya nchi tajiri, zilizotawala mikopo ya aina hiyo wakati ule, mnunuzi hulipa angalau asilimia 15 mwanzoni na kukopeshwa hadi asilimia 85. Kwa waziri anayetafuta mradi wa kuzindua, mpango huu unapendeza: pesa zipo, fundi yupo, michoro ipo. Tatizo ni kwamba maswali ya msingi hujibiwa na mtu mwenye faida kwenye jibu. Urefu wa handaki, ukubwa wa bwawa na bei ya mita moja vyote hutoka upande wa anayelipwa. Bei ikiwa juu, nani upande wetu ana hesabu yake mwenyewe ya kuweka kando na kulinganisha?

Na fundi akianguka, mkopo unayumba naye. Huwezi kuamka kesho ukampa kazi mkandarasi wa nchi nyingine huku benki ikiendelea kutoa fedha zilizotolewa kwa ajili ya kampuni ya kwao. Lazima wakubaliane mkopeshaji, mwenye bima, serikali mbili na wanaosimamia madeni ya kampuni. Wakati mazungumzo hayo yakivuta miaka, kiasi kilichokwisha kuchukuliwa kinadaiwa. Deni la taifa limepewa na Katiba ya Kenya uzito wa kwanza: hulipwa moja kwa moja, halingojei bwawa lijae.

Sisemi mikopo ya namna hii isikopwe kamwe. Nchi kadhaa zimejenga vizuri kwa mikopo hiyo. Zilifanikiwa zilipokaa mezani na watu wanaojua kusoma michoro na mikataba kama wale wa upande wa pili, na waliokuwa na ruhusa ya kusema hapana.

Siku mitambo ilipozimwa

Hapa ndipo uwezo wa taasisi hupimwa, na hapa ndipo Itare huuma zaidi.

Mkandarasi anapoanza kuchelewesha mishahara, kabla hata hajaenda mahakamani, mwenye kazi aliye macho ana mambo ya kufanya ndani ya siku chache. Anapima kazi yote iliyofanyika: kila mita ya mchanga iliyochimbwa, kila nondo, kila bomba lililo ghalani, pande zote mbili zikitia saini kwenye kipimo. Anatazama dhamana za benki, ile ya malipo ya awali na ile ya utekelezaji, ajue zinaisha tarehe ipi, maana dhamana iliyopitwa na wakati ni karatasi ya kufungia maandazi. Anaweka walinzi wake kwenye eneo la ujenzi. Anaorodhesha wanaodai: wafanyakazi, wenye malori, mama wa kibanda cha chakula aliyelisha vijana kwa mkopo. Na anajibu kila barua. Mikataba mingi mikubwa hufuata mtindo wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, ambao ndani yake madai hutolewa notisi kwa siku 28 na ukimya una gharama. Ofisi isiyojibu barua hupoteza mabilioni bila mtu yeyote kuiba.

Kilichoonekana Ndoinet kilikuwa tofauti. Wafanyakazi na wafanyabiashara wadogo waliachwa wakidai. Wezi waliingia na kubomoa vifaa na mitambo kwenye eneo ambalo lilikuwa limekula mabilioni ya umma. Mkaguzi Mkuu wa Serikali akabaki kuandika, ripoti baada ya ripoti, juu ya mradi uliolala. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la Itare lilipaswa kuwa mikononi mwa mwajiri, yaani mwenye kazi, tangu siku ya kwanza, wala si mikononi mwa mkandarasi anayefunga virago.

Mwajiri mwenyewe alikuwa akibadilika umbo. Mradi ulianza chini ya Bodi ya Huduma za Maji ya Bonde la Ufa. Sheria ya Maji ya 2016 ikazigeuza bodi hizo kuwa mawakala wa ujenzi wa miundombinu ya maji, kisha eneo likagawanywa tena na Itare ukaangukia wakala wa Bonde la Ufa ya Kati. Kila mageuzi yalikuwa na sababu yake. Lakini fikiria faili la mkataba wa kimataifa likihama ofisi katikati ya mgogoro, na maofisa waliokaa kwenye vikao vya kwanza wakihamishwa au kustaafu. Juu yao, wizara ya maji imeongozwa tangu 2017 na Eugene Wamalwa, Simon Chelugui, Sicily Kariuki, Alice Wahome, Zachariah Njeru na Eric Mugaa. Mawaziri sita kwa bwawa moja ambalo halijasimama. Kila mmoja aliarifiwa upya, na kila mmoja alitegemea kumbukumbu ya watu wa chini yake. Kampuni za kigeni, kwa upande wao, huweka wakili mmoja kwenye faili moja kwa miaka kumi.

Mto ule ule, kilomita nyingi chini

Kuna mradi mwingine kwenye maji haya haya ambao unanisaidia kufikiri. Ni Sondu Miriu, kituo cha umeme cha megawati 60 huko Nyakach, Kaunti ya Kisumu. Ujenzi ulianza 1999 kwa mkopo wa Japani, na nao uligonga mwamba: wakazi walilalamikia vumbi, fidia, ajira na mto kukauka kwenye kipande ambacho maji yangechepushwa. Mashirika ya kiraia yalifikisha malalamiko hadi Tokyo, na mkopo wa awamu ya pili ukacheleweshwa.

Katikati ya vuta nikuvute hiyo iliundwa kamati ya kiufundi iliyowaketisha pamoja wakazi, mashirika, wahandisi na wenye mradi, kuchambua lalamiko moja baada ya jingine. Ilikuwa kazi ya polepole, yenye kuchosha, na haikumridhisha kila mtu. Hata hivyo mkopo wa pili ulipatikana 2004, kituo kikaanza kuzalisha 2008, na maji yanayotoka kwenye mitambo yakatumika tena kuendesha kituo kidogo cha Sang'oro, megawati 21.

Tofauti ninayoiona kati ya Nyakach na Kuresoi ni kwamba Sondu Miriu ulikuwa na KenGen, kampuni inayozalisha umeme. KenGen haikuwa inajenga ili ikabidhi. Ilikuwa inajenga kitu ambacho yenyewe ingekiendesha na kuuza umeme wake kwa miongo. Kila mwezi wa kuchelewa ulikuwa hasara yake. Ilikuwa na wahandisi waliokwisha kuendesha mabwawa ya mto Tana, watu ambao ukiwaonyesha mchoro wa handaki wanajua litawasumbua wapi. Wale waliokaa na wakazi kwenye kamati walijua watakuwa majirani wao baada ya mkandarasi kuondoka.

Kwa Itare, mpangilio ni mwingine. Wakala wa taifa unajenga. Kampuni ya maji ya kaunti, ile inayopokea simu za wateja wenye mifereji mikavu, ndiyo ingeyasambaza na kukusanya bili. Katiba ya 2010 imeipa kaunti huduma za maji, na hilo ni sawa. Ila anayejenga hapati hasara ya kuchelewa, na anayekula hasara hana sauti kwenye mkataba. Sijui njia bora ya kuufanya mradi uwe yatima kuliko hiyo.

Ushahidi wa jirani upo. Bwawa la Chemususu, Baringo, lilijazwa maji miaka kadhaa kabla mabomba ya kuyafikisha kwa watu hayajalazwa. Ukuta ulikamilika na picha zikapigwa, lakini mwanamke wa Mogotio aliendelea kuswaga punda mwenye mitungi. Bwawa lina mfadhili na sherehe. Bomba la inchi mbili linaloingia mtaa wa London au Kaptembwa jijini Nakuru halina hata mmoja, na bila hilo bwawa ni ziwa jipya tu.

Uwezo unajengwa wapi

Tunapozungumzia kuongeza uwezo wa watumishi wa umma, mara nyingi tunamaanisha warsha ya siku tatu katika hoteli ya Naivasha, na cheti. Nina heshima kwa mafunzo. Ila mtu hajifunzi kusimamia mkataba wa bilioni 30 kwa kuonyeshwa slaidi. Anajifunza kwa kukaa chini ya aliyewahi kusimamia mmoja ukafika mwisho, na mmoja ukamfia mikononi. Kenya ina watu hao. Wako KenGen, wako kwenye mamlaka za barabara, wengine wamestaafu wanalima Njoro. Ambacho hatuna ni kikosi kimoja cha kudumu cha miradi mikubwa ya maji, kinachohama kutoka bwawa moja kwenda jingine kikiwa na kumbukumbu zake, mshahara unaokizuia kukimbilia kwa wakandarasi, na kinga ya kutohamishwa kila waziri akibadilika. Badala yake kila wakala huanza upya, na bwawa lake la kwanza kubwa ndilo shule yake.

Sheria imesogea kidogo. Kanuni za usimamizi wa uwekezaji wa umma za 2022, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, zinataka mradi upite hatua za dhana, upembuzi na tathmini kabla ya kuingizwa kwenye bajeti. Zingekuwepo na kufuatwa mapema, Itare ungeulizwa maswali magumu ungali karatasi. Natilia mkazo kufuatwa. Ofisa wa Hazina mwenye fomu hizo mbele yake anahitaji ujasiri, na bosi wa kumlinda, ili aandike kwamba mradi ambao rais ameshautangaza jukwaani haujaiva.

Machi 2023, Rais wa Italia Sergio Mattarella alipozuru Nairobi, Rais William Ruto alitangaza kwamba nchi hizo mbili zimeafikiana kufufua Itare, Arror na Kimwarer. Watu wa Kuresoi na Nakuru walisikia habari hiyo kwa matumaini, na wana haki nayo. Lakini wataalamu wa kaunti na wabunge wetu wasiridhike na tarehe ya kurudi kwa matingatinga. Wadai hati nne na wazisome hadharani: kipimo huru cha kazi iliyopo Ndoinet na hali yake baada ya miaka ya mvua na wizi, makadirio mapya ya gharama yaliyofanywa na mtu asiyelipwa na mkandarasi, makubaliano ya maji na kaunti za chini ya mto yenye kiwango cha kiangazi kilichoandikwa kwa tarakimu, na mpango wa mabomba ya mitaani ukiwa na bajeti ndani ya mkataba ule ule. Hati hizo zikisomwa, kampuni ya maji ya Nakuru iwe na kiti na kura kwenye bodi ya mradi, na wasimamizi wa mkataba watajwe kwa vyeo na kwa muda watakaokaa kazini, kuanzia siku ya saini hadi maji yatakapopita kwenye mita ya mteja wa kwanza.